Ubavu Uliotazama Ukuta

Jumatatu saa moja asubuhi Mwanamkasi alishusha vyombo vyake kwenye bajaji mbele ya nyumba ya Bwana Khozema, mtaa wa Usagara: ndoo mbili, ngazi fupi, mpira wa maji, mashine ya kusugulia na mfuko wa fulana kuukuu zilizokatwakatwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mzaliwa wa Moa, na kwa kazi alikuwa fundi wa fiba, ile plastiki ngumu ya kuundia boti. Siku nyingi ungemkuta ufukweni Sahare kwenye karakana ya boti, akiziba nyufa na kung'arisha mbavu za boti za watu. Gari hakuwahi kulifanyia kazi. Lakini Khozema, ambaye kwenye duka lake la mabomba ndiko Mwanamkasi alikokuwa akinunua silikoni ya kuzibia, alimwambia kwenye simu kwamba fiba ni fiba, iwe inaelea au ina magurudumu.

Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mkungu. Ubavu wake mmoja ulitazama jiko la nje, na mwingine ulikuwa karibu kugusa ukuta wa jirani. Mbele lilikuwa Hiace ya miaka ya themanini. Nyuma ya kiti cha dereva bati lote lilikuwa limekatwa, na mahali pake pamejengwa chumba cha fiba chenye kitanda, kabati na jiko dogo la gesi. Watu wa mtaani walikuwa wakiliita gari-chumba.

"Lilikuwa la marehemu baba, Mzee Sherali," alisema Khozema. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, kalamu haimtoki mfukoni. "Akisafiri nalo kwa shughuli zake. Tangu afariki, huu mwaka wa sita, halijatoka hapa. Fundi wa injini kamaliza, linawaka vizuri. Kuna bwana mmoja anaitwa Innocent ana kambi ya wageni kule Mkwaja, anataka kulikodi wageni walale humo. Anakuja Jumamosi kulitazama. Nalitaka jeupe, fundi. Jeupe kama sahani."

Mwanamkasi alipitisha kiganja kwenye ubavu wa gari, kikatoka na unga mweupe kama chaki. Juu paa lilikuwa na ukungu wa kijani, na kutoka kwenye kila skrubu ya dirisha ulishuka mchirizi wa kutu. Majani ya mkungu yaliyooza yalikuwa yameacha madoa ya kahawia, na popo wanaokula kungu walikuwa wameacha yao.

"Huu unga siyo uchafu," alisema. "Ni fiba yenyewe. Ngozi yake ya juu imeungua kwa jua. Uchafu ni ule wa kijani na ule mweusi. Kwanza nitaosha, gari likauke, nilitazame. Halafu ndiyo nitasugua ngozi iliyokufa, kidogokidogo, mpaka niikute iliyo hai. Mwisho nta."

"Kwa nini usipige rangi tu, yakaisha?"

"Rangi juu ya unga haishiki. Masika ya kwanza itabanduka kama ganda la kitunguu."

Khozema aliinua mikono, akaenda zake dukani.

Siku hiyo Mwanamkasi alimaliza paa. Alianza juu ili maji machafu yasishukie mahali palipokwisha safishwa. Alitumia sabuni ya maji isiyo kali na sponji laini, akawa anaosha kipande cha mkono mmoja, anasuuza, ndipo anahamia kingine. Kwenye maungio, ambako kijani kilikuwa kimeshika, alipaka siki iliyochanganywa na maji, akangoja, akapitisha mswaki wa meno. Jua lilipokuwa kali, saa nne, aliacha, kwa sababu sabuni ikikaukia kwenye fiba inaacha alama mbaya kuliko uchafu. Akarudi baada ya sala ya alasiri.

Jumanne aliosha mbele na ubavu wa jikoni. Lami iliyorukia karibu na magurudumu aliitoa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akapaosha haraka. Kutu aliikamulia ndimu. Ubavu ulipokauka aliuzunguka mara mbili akiutazama kwa karibu, akakuta nyufa mbili nyembamba kama nywele chini ya dirisha, akazitia alama kwa penseli asije akazipitishia mashine. Ndipo akapaka dawa ya kusugulia na kuwasha mashine. Jioni ubavu ule ulikuwa unaonyesha sura ya mtu. Khozema alipotoka dukani alijitazama humo, akapapasa tumbo, akacheka.

Jumatano mambo yalikwenda vingine. Wafanyakazi wawili wa dukani walilisukuma gari mbele hatua chache na kulikata kona, likaachana kidogo na ukuta, ili fundi aweze kupita upande ule, lakini maji ya bomba hayakutoka asubuhi. Mwanamkasi alikaa kwenye kizingiti cha jiko akiyangoja mpaka saa tano. Yalipotoka, alikuwa amekwisha kasirika, na hesabu ya siku ilikuwa kichwani: Alhamisi kusugua, Ijumaa nusu siku, Jumamosi mgeni.

Ubavu wa ukutani haukuwa unaona jua. Unga ulikuwa kidogo, lakini ukungu mweusi ulikuwa umetanda kutoka juu hadi chini kama moshi kwenye dari. Aliuosha mara moja, akausuuza. Weusi ulipungua, haukwisha. Akajiambia kwamba ukungu umeingia kwenye vitundu vya fiba, na kwamba ni mashine tu itakayoutoa. Hakungoja ukauke. Akapaka dawa kwenye ubavu ukiwa bado una maji, akaanza juu, upande wa kulia wa dirisha, akashuka. Kitambaa cha mashine kilitoka cheusi. Akafurahi. Akakibadilisha, akashuka tena kiasi cha shubiri mbili, kikatoka cheusi vilevile.

Alikuwa amevua kitambaa cha tatu na kukitundika kwenye ngazi pale bajaji iliposimama mlangoni. Alishuka mama mmoja mwembamba, amevaa gauni refu la maua na mtandio mweupe, mkononi ana mfuko wa nguo. Alikuwa Rehmatbai, mama yake Khozema na mjane wa Mzee Sherali, anarudi kutoka Dar es Salaam alikokaa wiki mbili kwa bintiye, Nazlin. Miaka yake ilikuwa sabini na minane, lakini alitembea bila fimbo.

Mwanamkasi alizima mashine. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiwe fundi? Khozema kaniambia." Rehmatbai aliweka mfuko chini, akaenda moja kwa moja kwenye ubavu wa jikoni, akaugusa. "Mashallah. Limerudi ujana. Sherali angeliona hivi, asingelala ndani tena, angelala nje akilitazama."

Alizunguka nyuma ya gari huku akisema hivyo, akatokea upande wa ukutani. Akaona vitambaa kwenye ngazi. Akakigusa kimoja.

"Huu weusi umeutoa wapi?"

"Hapo mama, karibu na dirisha. Ukungu ulikuwa umeshika kweli."

Rehmatbai alisogea. Upepo ulikuwa umeanza kuukausha ubavu, na sasa, chini ya mahali mashine ilipoishia, kilikuwa kinaonekana kitu ambacho Mwanamkasi hakukiona ulipokuwa na maji. Zilikuwa herufi. Herufi ileile moja, E, imerudiwa safu kwa safu, mara miguu yake imetazama kulia, mara kushoto, mara juu, mara chini. Safu ya juu iliyobaki ilikuwa na herufi ndefu kama kidole gumba. Zilizofuata zilizidi kuwa ndogo, na za mwisho kabisa hazikuzidi punje ya haragwe. Zilikuwa zimechorwa kwa mkono, kwa rangi nyeusi, kingo zimenyooka.

Rehmatbai aliweka kiganja mahali palipokuwa peupe, panang'aa.

"Mistari mitatu," alisema.

Mwanamkasi aliweka mashine chini. "Mama, sikujua kama kuna kitu. Mimi nilidhani ni ukungu."

"Ulikuwapo ukungu. Na hizi zilikuwapo." Hakupaza sauti. "Nilizichora mimi. Mwaka themanini na saba. Sherali alikuwa mpima macho, hakukuambia Khozema? Tulikuwa tukitoka hapa na gari hili, tunakwenda Moa, tunarudi, tunashuka Pangani mpaka Mkwaja. Kila kijiji siku mbili, siku tatu. Karatasi ya kupimia ilikuwa inapeperuka, ikilowa inaharibika. Nikamwambia, chora ubavuni. Akasema mkono wake haunyooki. Basi yeye akapima kwa rula, mimi nikapaka kwa brashi. Mtu anasimama mwisho wa uzi wa kupimia, mita sita, mimi naonyesha kwa kijiti, naye anaelekeza kwa vidole miguu ya herufi iko wapi. Hata asiyejua kusoma alikuwa anapimwa."

"Nimekosa mama," alisema Mwanamkasi. "Siyo kwa kutojua tu. Sheria yangu ni kuosha, kungoja pakauke, kutazama. Leo sikungoja. Pangekauka ningeziona."

Rehmatbai aliondoa kiganja kwenye ubavu. Labda alitarajia kusikia habari za ukungu tena. Akasema, "Basi usiguse tena," akachukua mfuko wake, akaingia ndani.

Khozema alikuja mchana kula. Alisikia habari kwa mama yake, akatoka uani bado akitafuna.

"Fundi, mbona umeacha? Hivi nusunusu ndiyo mbaya zaidi. Maliza."

"Mama amesema nisiguse."

"Mama atasahau. Ni rangi tu ile, ya zamani. Mgeni analipa alale kwenye gari zuri, aje akute ubavu umechorwachorwa?" Alishusha sauti. "Kesho asubuhi anakwenda hospitali kupima presha, huwa anakaa mpaka saa sita. Njoo saa mbili, umalize, akirudi atakuta pamekuwa peupe pote. Atanuna siku mbili, yataisha."

"Sifuti kitu cha mtu mwenyewe hayupo, Bwana Khozema."

"Nitamtafuta mwingine."

"Hapo mimi sina la kusema," alijibu Mwanamkasi, akaanza kukunja mpira wa maji.

Nyumbani alimsimulia mumewe, Idarusi, dereva wa lori la chokaa. Idarusi alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliambiwa usafishe, umesafisha," alisema. "Kosa lako liko wapi?"

"Sikulitazama likiwa kavu."

"Kwani uliambiwa kuna herufi?"

"Boti haziniambii kuna ufa. Mimi ndiye wa kuutafuta."

Idarusi aliona hoja haisogei, akamwambia basi arudi akazungumze na yule mama, maana mwenye mali ni yeye mjane. Mwanamkasi alikuwa amekwisha amua hivyo. Kilichomsumbua ni atakachokwenda kusema. Alifikiri juu ya kopo la rangi ya boti alilokuwa nalo karakana. Akapima kichwani ukubwa wa mistari mitatu iliyofutika. Angeweza kuichora upya. Hakuwa na hakika kama ingekuwa kurudisha au kudanganya.

Alhamisi alifika saa mbili na nusu, kumngoja mama arudi kutoka hospitali, asije fundi mwingine akaligusa gari kabla. Geti lilikuwa wazi. Upande wa ukutani alisikia kitu kinakwaruza, sauti ambayo fundi wa fiba akiisikia meno yanamuuma. Akakimbia.

Khozema alikuwa amevua shati, amebaki na singlendi. Miguuni pake ndoo ilikuwa inatoa povu la sabuni ya unga. Mkononi alikuwa ameshika stilwaya ya kusugulia masufuria, anasugua ubavu kwa nguvu zote. Bahati alikuwa ameanzia pembeni kabisa, chini karibu na gurudumu, mbali na herufi. Lakini pale alipopita palikuwa pamejaa mikwaruzo ya duara.

"Acha!" alisema Mwanamkasi. Hakukumbuka tena kuongeza bwana. Akamshika mkono, akamnyang'anya stilwaya. "Unaua gari lako mwenyewe. Hii ni ya sufuria!"

Khozema alihema. Jasho lilikuwa linamtiririka machoni. "Wewe umekataa. Nimeamua kufanya mwenyewe. Ni gari la nyumbani kwangu."

"Ni la mama yako."

"Najua ni la nani!" alifoka. Kisha sauti ikamshuka, akaegemea ukuta. "Nalijua hili gari kuliko nyote. Unajua mimi sijapanda hata mara moja kwenda nalo popote? Hata mara moja. Nilikuwa na shule. Kila mwezi wiki mbili nilikuwa nabaki hapa na bibi, nasimama hapo getini, naliona linakunja kona. Kitu cha mwisho kuonekana ni hizo herufi zake. Nikilala naziona. Nazlin alikuwa mdogo, wanakwenda naye. Mimi nabaki. Sasa mnataka nizitunze."

Mwanamkasi aliisogeza ndoo ya povu kwa mguu. Alisimama na stilwaya mkononi, maji ya sabuni yakimdondokea miguuni.

"Hukuniambia," ilisema sauti nyuma yao.

Rehmatbai alikuwa amesimama kwenye kona ya gari, mkoba mkononi. Alikuwa amefika hospitali akakumbuka kwamba daftari lake la kliniki liko mezani nyumbani, akarudi kulichukua.

Khozema alijifuta uso kwa kiganja. "Ningekuambia nini mama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

"Na ulipokuwa na ishirini? Na thelathini?"

"Nilipokuwa na ishirini baba alikuwa ananiambia, duka hili limetoka kwenye gari lile. Ningesema nini?"

Rehmatbai alivuta ndoo tupu ya Mwanamkasi, akaigeuza, akaikalia. Aliweka mkoba magotini. Mwanamkasi alitaka kuondoka awaache, lakini njia ilikuwa nyembamba na mama alikuwa ameiziba.

"Bibi yako alikuwa ananiambia hulii," Rehmatbai alisema mwishowe. "Kila nikirudi namuuliza, Khozema kalia? Ananiambia hapana, mtoto mkubwa yule, kala, kalala. Nami nikaona sawa. Nilipenda safari zile, Khozema. Sitakudanganya. Huku mjini nilikuwa mke wa mtu tu. Kule nilikuwa nashika kijiti, watu wananisikiliza. Lakini kama ningejua, ningekuchukua likizo walau. Shule ilikuwa inafungwa mwezi mzima. Sikufikiri. Hilo ni langu, siyo la gari."

Khozema alitazama chini. 

"Njoo," mama yake alisema, akainuka. "Simama kule kwenye tangi."

"Kufanya nini?"

"Kule kwenye tangi. Ni kama mita sita."

Mtu mzima wa miaka hamsini, tumbo kubwa, singlendi imelowa, alikwenda akasimama kwenye tangi la maji. Kutoka pale ubavu ulionekana kwa mshazari, kwa hiyo alisogea kidogo kushoto. Rehmatbai aliokota kijiti cha mkungu, akakiweka chini ya herufi.

"Miguu iko wapi?"

"Kulia."

"Kwa kidole, siyo kwa mdomo. Ndivyo walivyokuwa wakifanya."

Khozema alielekeza kidole kulia. Halafu juu. Halafu chini. Walishuka safu moja, mbili. Kwenye safu ya tatu alichelewa. Kwenye ya nne alikunja uso, akanyoosha shingo, akaelekeza kushoto.

"Siyo."

"Chini?"

"Siyo. Unabahatisha. Baba yako angekutia miwani leo hii." Rehmatbai alishusha kijiti. "Unaendesha gari kwenda Muheza na macho hayo?"

Khozema alicheka, na kicheko kikamgeuka njiani, akageukia tangi, akafungua koki, akanawa uso kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Mama yake alimwacha. Alipomaliza alirudi, akasimama karibu naye, wote wawili wakitazama ubavu.

"Ziache, fundi," alisema Khozema. "Bwana Innocent akikataa, akatae."

Ndipo Mwanamkasi alipopata nafasi ya kusema alilokuja nalo. "Mama, ile mistari mitatu siwezi kuirudisha kama ilivyokuwa. Nina rangi ya boti, nina rula. Ukitaka nitaichora, lakini itakuwa yangu, haitakuwa yako. Hii iliyobaki naweza kuilinda isiende zaidi."

Rehmatbai alifikiri. "Usichore. Zile za juu hata mtu wa macho mabovu alikuwa anaziona. Sherali hakuuza miwani hata moja kwa mstari wa kwanza." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Miwani iliuzwa huku chini. Linda huku chini."

Khozema alimpeleka mama yake hospitali na daftari lake. Mwanamkasi akabaki na gari.

Safari hii alikwenda polepole. Aliosha sehemu ya herufi kwa maji matupu na pamba, bila kusugua, akiikanda kama mtu anayefuta jicho la mtoto. Akaacha upepo ufanye kazi yake. Akala andazi, akaswali adhuhuri, akarudi. Palipokuwa pakavu kabisa alipatazama kutoka kushoto, kutoka kulia, na kutoka chini huku amepiga magoti. Karibu na safu ya mwisho rangi ilikuwa imeinuka kidogo kwenye ukingo. Alizungushia herufi zote tepu ya karatasi, mraba mzima, ili dawa ya kusugulia isivuke hata kwa bahati mbaya. Nje ya tepu alitumia mashine. Ile mikwaruzo ya stilwaya aliikuta imezama. Aliifanyia kazi kwa dawa nyepesi mpaka jua likapungua, na hata hivyo ukipiga macho upande unaiona.

Ijumaa baada ya sala alibandua tepu, akapaka nta. Ndani ya mraba alipaka kwa kidole kilichozungushiwa kipande cha fulana laini kabisa, bila kukandamiza, akifuata miguu ya kila herufi. Ngozi ya fiba pale ilikuwa bado na ugonjwa wake, haikung'aa kama kwingine, lakini nta iliipa unyevu, na weusi wa herufi ukakolea. Akangoja, akafuta, akapaka ya pili. Juu yake pale alipokosea palikuwa peupe panawaka. Hakujaribu kupafanya pafanane.

Rehmatbai alimletea chai ya tangawizi na bhajia za kunde, akaketi naye. Alimuuliza habari za Moa. Akamtajia watu wawili watatu wa huko waliokuwa wakipimwa macho, lakini walikuwa watu wa zamani na Mwanamkasi hakuwajua.

"Nta hii inakaa muda gani?"

"Hapa mjini, miezi minne. Mkwaja karibu na maji ya chumvi, miwili au mitatu. Nikipata nafasi nitakwenda mwenyewe."

"Utakwenda," alisema Rehmatbai, kama mtu anayepanga.

Jumamosi saa tatu Bwana Innocent alifika. Alikuwa kijana mrefu mwenye haraka, simu mbili mkononi. Khozema alikuwa amevaa shati jeupe na amejiandaa kueleza habari za ubavu wa ukutani, ameifikiria hotuba yake tangu alfajiri. Innocent alizunguka gari mara moja. Alipofika kwenye herufi alisimama, akasema, "Hii kama ya hospitali," akaendelea. Aliingia ndani, akalala kitandani na viatu nje, akainuka.

"Paa linavuja?"

"Halivuji," alisema Mwanamkasi. "Nimemwagia maji robo saa nzima. Maungio yote nimeyatia silikoni mpya."

"Basi mimi sina neno."

Khozema akabaki na hotuba yake.

Mwanamkasi alimpa Innocent masharti, naye akayaandika kwenye simu moja huku nyingine ikilia. Kila wiki lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuanzia juu. Lisioshwe juani. Sabuni ya unga, hapana. Dawa ya kutolea madoa ya nguo, hapana. Stilwaya, hapana, hata kwa pembeni. Kwenye herufi, kitambaa laini na maji tu. Likiegeshwa, liegeshwe kivulini, lakini siyo chini ya mti wenye popo.

"Na turubai?"

"Turubai likipigwa na upepo linakwaruza kama msasa. Bora ujenge kibanda cha makuti."

Ilibaki kulipeleka. Innocent alisema atamtuma dereva Jumatatu. Khozema akasema hapana haja, atalipeleka mwenyewe kesho.  Rehmatbai aliingia ndani, na baada ya muda ikasikika sauti ya masufuria ya chakula cha safari.

Jumapili Mwanamkasi hakwenda kuwaaga. Alikuwa Sahare, amelala chali chini ya boti ya mtu, anakwangua magamba ya baharini yaliyogandia. Simu ililia saa nane na nusu. Alijifuta mkono, akapokea.

"Mwanamkasi, mwanangu. Tuko Pangani."

"Salama mama? Gari halijasumbua?"

"Salama. Tumesimama tule. Nyamaza nikuambie, mvua imetunyeshea hapa, ya ghafla, dakika kumi tu, na jua liko palepale. Nimeshuka kutazama. Maji hayakai, mwanangu. Yanajikunja vidonge vidonge kama juu ya jani la myugwa, lile la magimbi, yanaporomoka."

"Ndiyo nta hiyo, mama. Ikishika inafanya hivyo."

"Na kwenye herufi vilevile. Vidonge vidonge." Akamgeukia mtu aliye pembeni. "Khozema, weka hilo andazi, njoo uone, yatakauka." Kisha akarudi kwenye simu. "Haliachi andazi lake. Sasa niambie, nta ikitimiza miezi mitatu utakuja Mkwaja au tukuletee?"

Mwanamkasi alisema atakuja. Akaweka simu mfukoni, akarudi chini ya boti, kwa sababu maji yalikuwa yanajaa na upande wa kushoto ulikuwa bado.